Mliong'oa chuma cha ndani ya bampa ili gari liwe jepesi, tupeane uzoefu

Boksa_Dar
Wakuu, Subaru Impreza turbo iko juu ya stendi, bampa la mbele limeshushwa ili intakula kubwa (kipoza hewa ya turbo) iingie. Bimu, yaani kile chuma cha ndani ya bampa, inaziba. Fundi anasema "toa kabisa, kilo zote hizo za nini, rejeta ipumue." Waliotoa, na waliofungua magari yaliyotolewa, mwageni: inatokaje, unaokoa kilo ngapi, nini kinakuja kusumbua baadaye. Evo, Altezza, Mark X, karibuni wote.

Spana12
Kutoa ni saa moja. Klipu za juu ya grili, skrubu za plastiki za madigadi, za chini, soketi za taa za ukungu. Bampa livutie pembeni kwanza, kushoto na kulia, halafu lije mbele. Ukianzia katikati unavunja masikio yanayolishika kwenye fenda, na baada ya hapo halikai sawa tena mpaka uzeeke. Chomoa sponji, unabaki na bimu yenyewe.

Kwenye gari la Kijapani, kichwa cha 12 ni bolti ya M8 na cha 14 ni M10. Wakati wa kurudisha, M8 kaza Nm 25 hivi, M10 karibu 50. Haihitaji kusimama juu ya spana. Kama utagusa sensa za eabegi zilizoko mbele, zima swichi, toa waya hasi wa betri, subiri dakika tatu ndipo uchomoe.

Sasa kosa la kila siku: honi na sensa ya joto la nje mara nyingi hushikwa na bimu hiyohiyo. Bimu ikitoka, sensa inafungwa kwa waya karibu na rejeta. Dashibodi inaonyesha joto la nje nyuzi 50, AC ya kujirekebisha inachanganyikiwa, mwenye gari anaambiwa kompresa imekufa.

Wa_Kirinyaga_Road
Hiyo ya sensa ni ukweli mtupu, boss. Watu wanajaza gesi mara mbili bure.

Kilo_na_Gramu
Tupige hesabu kabla ya ushabiki. Gari kilo 1,300, nguvu ya farasi 280: kila farasi anabeba kilo 4.64. Toa bimu ya kilo 8, anabeba 4.61. Ni kama umeongeza farasi wawili, na hawajatimia. Petroli ya kilo 8 ni lita 11 hivi. Ukiingia mashindanoni na nusu tenki badala ya tenki la lita 60 lililojaa, umeacha kilo 22 nyumbani bila kushika spana.

Mtasema uzito wa puani ni mbaya kuliko wa katikati, na ni kweli, maana umbali unajizidisha wenyewe. Kilo 8 zilizo mita 2 mbele ya kitovu cha gari: 8 × 2 × 2 = 32. Hicho ndicho kipimo cha ugumu wa kuligeuza gari, na gari zima la ukubwa huo liko karibu 2,000. Hata asilimia 2 haifiki. Dereva wa kawaida hawezi kuihisi kwenye kona.

Na pima yako, usichukue namba za watu. Panda mzani wa bafuni ukiwa umeikumbatia, kisha peke yako, toa. Pitisha na sumaku: isipong'ang'ania, hiyo ni aluminiamu, na ulichokuwa unakimbilia kuokoa hakipo.

Bwana_Houston
Namba za mtandaoni zinapotosha kwa sababu nyingi ni za magari ya huku Marekani. Miaka ya 70 huku bampa lilitakiwa kuhimili kugonga ukuta kwa maili 5 kwa saa. Kuanzia modeli za 1983 ikashushwa hadi maili 2.5. Kanuni inayotumika Ulaya hupima kwa kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo gari lenye jina lilelile linaweza kuwa na bimu nzito huku na nyepesi Japani. Mtu wa huku akisema kaokoa kilo nyingi, usidhani na wewe uliyeagiza lako kutoka Japani utazipata.

Mbio_Tu
Kilo ni kilo. Magari ya rali mnayoyashangilia Naivasha yana bimu?

Kilo_na_Gramu
Ya rali yana keji ya mabomba iliyochomelewa kwenye bodi, siti za mashindano, mikanda ya pointi sita na kishika shingo. Lako lina kiti cha mtoto nyuma.

Mbio_Tu
Umejuaje kiti cha mtoto 😂

Spana12
Na hata hayo yana ndoano ya kuvutia iliyopakwa rangi kali, ni kanuni. Magari mengi ya kawaida ndoano ya mbele inaskrubiwa kwenye bimu au kwenye mguu wake. Umetoa bimu, umekwama matope ya Kibaha, utafunga kamba wapi? Wengi wanafunga kwenye mkono wa chini wa tairi, halafu wanashangaa alaimenti.

Mnyoosha_Bodi
Uzi huu umegusa penyewe. Impreza sedani, bimu ilishatolewa, intakula imekaa nyuma ya plastiki moja kwa moja. Ikagonga nguzo ya geti, katikati ya pua, mwendo wa kuingia nyumbani. Kwa nje: ufa wa kiganja na rangi imechubuka. Mwenyewe akasema tupake tu.

Boneti haikufunguka. Mhimili wa juu wa rejeta ulikuwa umekunjika kama herufi V na komeo limerudi nyuma. Likakatwa. Ndani: intakula imetobolewa, imesukuma kondensa, gesi yote imetoka, kondensa imesukuma rejeta, rejeta imebeba kava la feni hadi kwenye puli. Mnajua injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli, kutoka rejeta hadi mikanda ni nafasi ya mkono tu. Kava likala mkanda wa nje, mkanda ukaruka. Na gari lilikuwa linawaka! Likaendeshwa kilomita mbili hadi gereji bila maji.

Kilichochukua muda mwingi ni chesisi. Bimu haizuii tu, inaunganisha chesisi ya kushoto na ya kulia. Ukigonga upande mmoja, inaupelekea wa pili sehemu ya mzigo. Ukigonga katikati, inazitanua zisibanwe. Hapa ncha mbili zilivutwa ndani. Vipimo vya mshazari vilitofautiana milimita 9. Fenda hazikukaa mpaka zikavutwa kwenye mashine.

Eabegi hazikufunguka. Kwa mwendo ule huenda hazikupaswa. Lakini kompyuta yake ilipangwa ikijua mshtuko utapita kwenye bimu kwanza. Bila bimu mshtuko unafika kwa namna nyingine, na ukigonga kwa kasi ya kweli hujui zitachelewa kiasi gani.

Mama_Gasketi
Injini ilipona?

Boksa_Dar
Hilo ndilo swali. Hedi zilipinda?

Mnyoosha_Bodi
Zilishuka zote mbili, zikasawazishwa kwa mashine, gasketi mpya. Bloku ilikuwa nzima.

Mama_Gasketi
Na fundi angemwambia "imekata maji kidogo tu." Boksa, injini kama hiyo ya Subaru, ikichemka usiiwashe hata kuisogeza. Isukumwe.

Mbio_Tu
Kugonga geti ni tatizo la dereva, si la bimu.

Wa_Kirinyaga_Road
Na bodaboda akikugonga pua kwenye foleni, hilo ni tatizo la nani?

Chomelea_Chap
Mnakuza mambo. Bomba la maji la inchi 2, vipande viwili vya bati pembeni, unachomelea, kazi kwisha.

Mnyoosha_Bodi
Hapana, mkuu. Nyuma ya bimu ya kiwandani kuna viboksi vya bati laini vilivyotengenezwa vijikunje kwanza. Bomba lako ukilichomelea moja kwa moja kwenye chesisi, halikunji kitu: kagongo kadogo kanapinda chesisi yenyewe. Na bimu ya chuma kigumu ukiipiga moto, pale penye joto panalainika. Aluminiamu nayo vivyo hivyo.

Chomelea_Chap
Magari mangapi yanatembea na hilo bomba?

Mnyoosha_Bodi
Mengi. Yanatembea.

Spana12
Turudi kwa mleta uzi. Intakula ishushe kati ya milimita 30 na 40, au chagua nyembamba. Kama lazima ukate, kata ulimi wa chini usiobeba kitu, usifungue boksi la bimu, na usitoboe matundu katikati. Hapo ndipo inapopinda. Baadhi ya seti za intakula zinakuja na bimu yake nyembamba. Pima unene wa bati, na hakikisha inafungwa kwenye matundu yote ya asili, si mawili. Sponji nayo irudi. Bila sponji, plastiki inabonyea ndani ukiwa 140 barabara kuu na klipu zinaachia moja moja.

Wa_Kirinyaga_Road
Ya nyuma pia msiguse. Ukirudi nyuma ukagusa nguzo, paneli inaingia, buti halifungi, sakafu ya spea inakunjamana. Na bima wakikuta badiliko ambalo hukuwaandikia, ni mzozo.

Kilo_na_Gramu
Wanaotaka kilo: spea na jeki, siti ya nyuma, ringi nyepesi. Na lile boksi la spika ndani ya buti. Linashinda bimu mbili.

Mbio_Tu
Muziki hautoki.

Boksa_Dar
Nimewaelewa. Intakula inashushwa, bimu inabaki. Ila fundi alishaikata robo upande wa kulia. Mtaa wa Gerezani, kwenye spea, naweza kupata nyingine?

Spana12
Zipo. Nenda na iliyokatwa, usiende na jina la gari tu. Linganisha umbali wa matundu, kisha iweke chini kwenye sakafu bapa: ikicheza kama kiti kibovu, ilishagonga. Angalia na viboksi vyake. Vikiwa na mikunjo chini ya rangi mpya, rudisha.