Viazi na mboga za kusindikizia mlo: tupeane uzoefu wa jikoni

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za leo.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumapili moja nilipokaribisha wageni kumi. Nyama ilitoka vizuri, mchuzi ulitoka vizuri, lakini viazi vya kuponda viliniangusha. Muda ulikuwa umenibana, nikaona nirahisishe kazi. Nikavimimina kwenye blenda vikiwa bado vinachuruzika maji, nikaongeza maziwa ya kwenye friji, nikawasha. Haikupita dakika, nikawa na kitu kinachovutika kama gundi. Wageni walikula kwa heshima, ila bakuli lilirudi jikoni likiwa karibu limejaa.

Baadaye nilitafuta kuelewa. Wanga wa kiazi umehifadhiwa ndani ya chembe ndogondogo. Mwiko au kipondeo huzitenganisha tu chembe hizo, lakini visu vya blenda huzipasua, wanga unamwagika wote na kushikana na maji. Ukishafika hapo, hata uongeze siagi kiasi gani hairudi.

Sasa hivi nakata vipande vinavyolingana, naviweka kwenye maji baridi yenye chumvi, ndipo nawasha moto. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nje huanza kumeguka ilhali katikati bado kigumu. Kisu kikipenya chenyewe, namwaga maji yote, narudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika moja au mbili huku nikiitikisa, mpaka mvuke upungue na kingo za viazi ziwe nyeupe kama zimepakwa unga. Hapo naponda vikiwa vya moto. Siagi inatangulia, maziwa ya moto yanafuata kidogo kidogo. Kilo moja ya viazi natumia siagi gramu 80 hivi, na maziwa mililita 150 hadi 200 kutegemea viazi vyenyewe.

Tangu hapo nimeamini kwamba viazi na mboga vingi huharibikia kwenye maji: ama yameingia pasipotakiwa, ama hayakutolewa kwa wakati. Karibuni mseme yenu, hasa mlichoharibu na namna mlivyorekebisha.

Jiko la Jioni

Asante kwa mada, mkuu. Hilo la maji umelisema kweli, nami kwangu lilikuwa kwenye oveni.

Nilikuwa narudi kazini jioni, nachukua karoti, koliflawa, hoho na vitunguu, najaza trei moja hadi juu, naingiza. Kila siku zinatoka zimelegea, rangi imefifia, chini kuna maji. Nilidhani oveni yangu ni mbovu. Nikaongeza muda, zikazidi kulegea.

Kumbe mboga zenyewe zilikuwa zinapikana kwa mvuke. Mboga imejaa maji, yakipata moto yanatoka. Kama vipande vimebanana, mvuke hauna pa kwenda, na mahali penye maji joto halivuki sana nyuzi 100. Kwa joto hilo mboga haiwezi kupata ule wekundu na utamu wa kuokwa.

Siku niliyogawa mboga zilezile kwenye trei mbili, kila kipande na nafasi yake, niliona tofauti hiyohiyo jioni. Nazikausha kwa kitambaa baada ya kuosha, nazipaka mafuta vijiko viwili vya chakula kwa trei, chumvi, pilipili manga. Oveni nyuzi 220, iwe imeshapata moto kabla sijaingiza kitu. Karoti na koliflawa dakika 25 hadi 30, nazigeuza mara moja. Hoho naziongeza katikati ya safari kwa sababu huiva upesi. Kitunguu saumu kilichosagwa nakiweka dakika tano za mwisho. Kikiingia mwanzo kinaungua na kuwa kichungu.

Karoti za namna hii wanangu wanazigombania. Na mafuta yale hayapotei bure, maana kirutubisho cha karoti ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta.

Mkono wa Siki

Langu ni fupi. Kama unatengeneza saladi ya viazi na vinakumegukia, weka kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa kila lita ya maji ya kuchemshia. Vipande vinabaki na umbo lake. Kisha nyunyiza siki kidogo na chumvi vikiwa bado vina joto, ndipo vinanyonya ladha. Mayonezi subiri vipoe kabisa, la sivyo inayeyuka na kuwa mafuta matupu.

Baba Pacha

Nimekaanga chipsi nyumbani miaka mitatu kabla hazijawa kama nilivyotaka. Zilikuwa nyeusi nje, mbichi ndani, au zinatoka njano nzuri halafu baada ya dakika tano zimelala kama kitambaa kilicholowa.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, viazi nilikuwa naviweka kwenye friji. Baridi ile hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na sukari huungua haraka kwenye mafuta. Sasa viazi vinakaa kwenye kapu mahali pakavu, pa giza, penye hewa, na vitunguu nimevihamishia kwingine kwa sababu vikikaa pamoja vinaharibiana.

La pili, nilikuwa nakaanga mara moja tu. Siku hizi nikishakata, naosha mpaka maji yatoke safi bila ukungu wa wanga, naloweka nusu saa kwenye maji baridi, kisha nakausha kabisa. Narudia: kabisa. Tone la maji kwenye mafuta ya moto linarusha mafuta hadi usoni. Mkaango wa kwanza ni joto la wastani, kama nyuzi 150 hadi 160, dakika tano au sita, chipsi zinaiva bila kubadilika rangi. Natoa, zinapumzika, hata saa nzima hakuna neno. Mkaango wa pili mafuta yanapanda hadi nyuzi 190, dakika mbili tatu, chumvi papo hapo. Usijaze kikaango, mafuta yatapoa na chipsi zitayanywa.

Mgeni Jikoni

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Viazi vyangu vimekaa karibu na dirisha, vingine vimegeuka kijani na kuanza kuota. Nikimenya tu si vitafaa?

Bibi wa Bustani

Mwanangu, hapo nisikilize vizuri maana jambo hili lilinipata.

Ule ukijani wenyewe hauna sumu, ni rangi ileile ya majani. Lakini unakuambia kwamba kiazi kimepigwa na mwanga, na kiazi kilichopigwa na mwanga huongeza sumu iitwayo solanini. Inajaa zaidi kwenye ganda, chini kidogo ya ganda na kwenye macho yanayoota. Kuchemsha hakuiondoi, na hata kukaanga usikutegemee.

Mimi nilikuwa sipendi kutupa chakula. Nikamenya vya kijani, nikavichemsha. Nilipoonja niliona uchungu unaowasha kooni, nikasema ni chumvi. Usiku kucha tumbo lilinisokota na nilitapika. Kwa hiyo kama ukijani ni doa dogo, kata ndani sana, na chimba macho yote. Kama umeenea, au kiazi kimesinyaa na miche ni mirefu, tupa. Na ukionja uchungu, tema, usimeze kwa kuona haya.

Mgeni Jikoni

Shikamoo bibi, na asante sana. Nimetupa vyote vinne, vilivyobaki nimevifunika kwenye mfuko wa karatasi chini ya meza.

Bibi wa Bustani

Marahaba mwanangu. Mfuko uache mdomo wazi kidogo vipumue.

Dada wa Mboga

Jamani mbona majani na maharage mabichi, yale ya maganda ya kijani, mmeyasahau? Mimi nalilia rangi. Mboga ya kijani ikifika mezani imekuwa kahawia, hamu inaniisha.

Maji yawe mengi, yanachemka kwa nguvu, yenye chumvi ya kutosha. Maharage mabichi dakika nne, brokoli mbili au tatu, bila mfuniko. Mboga hutoa asidi kidogo inapochemka, ukifunika inabaki humohumo na kuua ukijani. Ukitoa, zamisha kwenye maji baridi sana ili zisiendelee kuiva, kisha zichuje. Wakati wa kula unazipitisha haraka kwenye siagi yenye kitunguu saumu. Ndimu kamulia mezani tu. Niliwahi kuikamulia jikoni nikaenda kuoga; niliporudi maharage yalikuwa na rangi ya majani makavu.

Mwanzisha mada

Dada, hilo la ndimu sikulijua, nashukuru. Kwa kabichi mimi nimeona moto mkali na muda mfupi ndiyo dawa. Nyembamba, dakika nne au tano, inabaki na mlio mdomoni. Ikipikwa muda mrefu inatoa ile harufu nzito inayojaa nyumba nzima.

Jiko la Jioni

Naongeza la mabaki. Viazi vya kuponda vilivyobaki viingize friji kabla ya saa mbili kupita tangu viive. Kesho yake changanya na yai moja, kitunguu cha majani na njegere, tengeneza vidonge bapa, pitisha kwenye unga, kaanga kwa mafuta kidogo. Vikiwa vya baridi vinashikana vizuri kuliko vya moto. Vipashe mpaka katikati pawe moto kabisa.

Msomaji Kimya

Nimesoma yote, ila wengi mna oveni. Mimi nina jiko moja na kikaango kimoja kizito. Nimehangaika nikapata njia, labda itamfaa aliye kama mimi.

Viazi vidogo nusu kilo navipasua katikati bila kumenya. Navipanga kwenye kikaango, upande uliokatwa chini, naweka maji kidogo yasiyofika nusu ya viazi, siagi kijiko kimoja, chumvi. Nafunika, moto wa kati, dakika 12 hivi. Kisu kikipenya nafunua. Maji yaliyobaki yanakauka yenyewe, siagi inabaki peke yake chini, na viazi vinaanza kukaangika palepale vilipo. Hapo sivigusi. Mlio unabadilika, kutoka kuchemka kwenda kuchachatika, na nikinusa harufu ya viazi vilivyookwa najua upande wa chini umekuwa wa dhahabu. Nazima, namimina karoti zilizokunwa na majani ya kitunguu juu yake, nafunika dakika mbili, napakua.