Sanamu ya Askari pale Posta ina bunduki, mpagazi yuko wapi?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Juzi nilikuwa namsubiri mtu pale kwenye mnara wa Askari, Posta, kachelewa kama kawaida ya watu wa mjini, nikaanza kusoma yale maandishi ya chini. Yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na yanawataja kabisa wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sasa inua macho juu. Askari mmoja, bunduki, singe inaangalia bandarini. Basi. Mnara wa wenzetu Nairobi wa 1928 una watu watatu na mmoja wao ni mpagazi, huu wetu wa 1927 kabaki mwenye bunduki peke yake. Hoja yangu: tuweke sanamu ya mpagazi, na isiwe Posta, iwe Kariakoo, maana jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, kambi yao ilikuwa maeneo yale baada ya Waingereza kuichukua Dar Septemba 1916.

Najua kuna atakayesema ah, hao walikuwa wabeba mizigo tu. Ngoja tupige hesabu kidogo. Farasi, nyumbu, ng'ombe wa kukokota, wote mbung'o waliwamaliza. Reli ya kati Wajerumani walikuwa wanalipua madaraja huku wanarudi nyuma. Malori yakifika masika yanazama. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mtu anabeba kama kilo 25 na anakula karibu kilo moja kwa siku. Kama askari wako yuko mwendo wa siku 10 kutoka stoo, mpagazi anakula kilo 10 kwenda, kilo 10 kurudi, anachomfikishia askari ni kilo 5. Sogeza askari mbele iwe siku 12, inabaki kilo moja. Siku 13 hakuna kitu, umemtembeza mtu mwezi karibu mzima aende akale njiani. Na hapo hatujaweka risasi, dawa wala mizinga! Ndio maana hawa jamaa walihitajika kwa malaki, upande wa Waingereza tu wanahesabiwa kama milioni moja vita nzima. Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza alifika Kondoa Aprili 1916 kwa mbwembwe, mvua ikakata njia nyuma yake, farasi wakafa, jeshi likakaa pale linasikilizia njaa. Masika ya 1917 Rufiji ikafurika, askari wa kutoka Nigeria wakapunguziwa posho mpaka wakawa wanatafuta chochote cha porini. Aliyekuwa anaamua vita ipiganwe wapi ni umbali kutoka stoo, majenerali walikuwa wanafuata. Nawasilisha.

Mkosoaji:
Hesabu nimeielewa na imenisikitisha, ila sanamu napinga. Hawa watu hawakujitolea mkuu. 1917 walikuwa wanakusanywa vijijini kupitia machifu, wengine wamekamatwa kabisa, tena kwa rupia 5 au 6 kwa mwezi, na kwenye vita ambayo haikuwahusu ndewe wala sikio, wazungu wawili wanagombania shamba la mtu mwingine. Ukimsimamisha pale na mzigo kichwani kaangalia mbele kishujaa unakuwa umempamba aliyemtuma. Mi nataka majina na hela. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wanaweza kufika 350,000. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Radhi haiivishi ugali. Kuna mishahara ya waliokufa haikufika kwa ndugu mpaka leo, tuanzie hapo.

Mzee wa spana:
Mimi niongelee ninachokijua. Marehemu baba alikuwa utingo, na vita ya Kagera ilipoanza 1978 serikali ikachukua malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika, lori lao nalo likaenda. Alikuwa anatuambia hajawahi kumuona askari wa Amin akiwa hai, yeye alichokiona ni magunia ya unga, madumu ya dizeli na tope, siku nzima mnachimba tairi na koleo halafu usiku mnasukuma. Wimbo wa ushindi ulipoimbwa hakuna aliyemtaja dereva. Kwa hiyo tabia ya kusahau anayebeba msiwaachie wakoloni peke yao.

Mpita njia:
Leo asubuhi nimemuuliza mbeba mzigo mmoja Kariakoo kama anajua jina la hapa limetoka wapi. Kaniambia pisha kwanza bro, nina belo.

Mwana Ugogo:
Mbona mnawasahau waliobaki nyumbani? Kwetu Dodoma ile njaa ya 1917 hadi 1920 inaitwa Mtunya. Mjerumani kapita kachukua nafaka na ng'ombe, kaondoka, kaja Mwingereza kachukua nafaka, ng'ombe na vijana juu, mvua nazo zikagoma. Wanakadiria watu 30,000 walikufa, karibu mmoja kati ya watano wa Ugogo. Kile chakula kilichokuwa kichwani kwa mpagazi kilitoka kwenye kihenge cha mtu, na mwenye kihenge hana sanamu wala jina la soko.

Mleta mada:
Mwana Ugogo hapo umenipiga, sikuwa nimewaza. Mkosoaji nakubali hawakujitolea, ila nakukatalia kitu kimoja, unaongea kana kwamba sanamu lazima iwe ya shujaa. Unajua wengi wao waliuawa na nini? Chakula. Watu waliozoea wali au ndizi walipewa mahindi, yamesagwa vibaya au hayajasagwa kabisa, wanafika kambini giza limeshaingia, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, wanayala nusu mabichi hivyo hivyo, tumbo linaanza kuharisha damu na kesho mzigo ni ule ule. Waliofariki upande wa Mwingereza tu wanakaribia laki moja na wapo wanaosema ni zaidi. Kwa hiyo sitaki jamaa kasimama kifua mbele. Nataka amekaa chini, mzigo pembeni, anahangaika na sufuria ya mahindi yasiyoiva. Na majina yakipatikana yachongwe kuzunguka, hata kama ni 200 tu.

Mkosoaji:
Hiyo ya sufuria naweza kuichangia elfu kumi. Ila hela za mishahara sijasamehe.