Daktari wa Kichina kanishika mkono tu kasema ini langu lina shida, hii imekaaje?

Mchuuzi_GZ:
Wakuu habari zenu. Niko Guangzhou nimefuata mzigo, tumbo linanisumbua muda sasa, gesi na kiungulia, mwenyeji wangu akanipeleka kwa daktari wao wa dawa za Kichina. Yule mzee hakunitoa damu wala nini, kasema nitoe ulimi, halafu akaniwekea vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wa kushoto akanyamaza kimya, anabonyeza kidogo, anabonyeza zaidi, kisha na wa kulia vilevile. Mwisho mkalimani ananiambia ini limebana na wengu ni dhaifu, nikapewa majani ya kuchemsha nikaruhusiwa. Sasa usingizi umekata jamani, INI?? Na pombe nimekunywa miaka, siwezi kuficha. Mtu anajuaje ini kwa kushika mkono? Mwenye uelewa anisaidie tafadhali.

Msafiri wa Nanjing:
Mkuu tulia kwanza, hujaambiwa una homa ya ini. Nasoma fani hii huku huku China kwahiyo nikueleze walichokifanya. Vile vidole vitatu vina sehemu zake, cha kwanza karibu na kiganja panaitwa cun, cha kati guan, pale pembeni kuna kifupa kimejitokeza, cha tatu chi upande wa kiwiko. Mkono wa kushoto wanasoma moyo, ini, figo, wa kulia mapafu, wengu, na figo tena kwa upande wake wa "moto". Na kila sehemu inabonyezwa kwa uzito tofauti, juu, katikati na chini kabisa, ndio maana uliona anaongeza nguvu. Kuna mapigo yanayoelea juu, yaliyozama, ya haraka, ya polepole, laini yanayoteleza kama lulu kwenye sahani (hivyo ndivyo vitabu vyao vinavyosema sio mimi). Waganga wao wa zamani ndio waliyapanga, Wang Shuhe kwenye karne ya 3 aina 24, Li Shizhen mwaka 1564 akafika 27, siku hizi tunafundishwa 28. Na hawakuwa na saa, daktari anahesabu kwa pumzi yake mwenyewe, pumzi moja mapigo manne mpaka matano ndio mtu mzima wa kawaida.

Wewe nahisi alikuta xian, mapigo yaliyovutwa kama uzi wa gitaa. Hayo kwenye hesabu zao yanaenda kwa ini, na ini lao linabeba hasira, stresi, mawazo, na likibana linakandamiza wengu ambao ndio unashughulika na chakula. Kwahiyo kwa lugha yake kakuambia una mawazo mengi na tumbo halisagi vizuri. Mfanyabiashara mwenye mzigo umekwama bandarini, nani hana hayo 😂

Mchuuzi_GZ:
Duh, hapo kwenye mzigo umenigusa kabisa. Asante kiongozi.

Dkt_wa_zamu:
Maelezo mazuri lakini tusimpoteze ndugu yetu. Mimi ni wa hospitali za kawaida na siyadharau mapigo, kila mgonjwa namshika mkono. Mshipa unakuambia moyo unaenda kasi gani, unaruka au hauruki, una nguvu au umelegea, na mishipa iliyokakamaa kwa umri au presha kweli inagonga kidole tofauti. Hayo yanapimika, Marey kule Ufaransa mwaka 1860 alitengeneza kifaa cha kufunga mkononi kinachora wimbi la mapigo kwenye karatasi. Ila kutoka hapo kusema huu upande ni ini na huu ni wengu, wakati ni mshipa mmoja unabeba damu ileile ya moyo uleule, hapo mimi nashukia njiani. Na ukiweka madaktari wao kadhaa kwa mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani. Mwaka 2014 daktari mmoja wa Beijing aliweka dau la yuan 50,000 kwa yeyote atakayetambua mimba kwa mapigo tu kwa usahihi wa asilimia 80, watu wakachangia dau likapanda, akajitokeza mwalimu mmoja wa chuo chao akakubali kisha shindano lenyewe halikufanyika. Mimba, kitu ambacho wanajisifia miaka yote!

Msafiri wa Nanjing:
Hapo kwenye kutokubaliana siwezi kubisha daktari, hata darasani tunashika mkono mmoja kila mtu anakuja na jibu lake mwalimu anacheka. Ila daktari mzuri hategemei mapigo peke yake, anaangalia ulimi, anauliza choo, usingizi, jasho. Na hospitali kubwa za dawa za Kichina zina maabara na CT scan ndani, akimaliza kukushika mkono anakuandikia vipimo.

binti_kariakoo:
Samahani naingilia, hizi ndio zile mashine za kwetu unashika chuma mkononi dakika moja inatoka ripoti kurasa kibao, ini, figo, mpaka vitamini? Mama yangu aliuziwa virutubisho vya laki na nusu kutokana na hiyo ripoti

Dkt_wa_zamu:
Hapana dada, hiyo haishiki mapigo kabisa, ni biashara ya virutubisho tu. Mwambie mama aende apime kawaida. Mashine za mapigo zenyewe zipo, zina sensa za presha zinazobonyeza sehemu tatu kwa nguvu tofauti zikichora wimbi, na sasa wanaifundisha kompyuta kuzitambua zile aina 28. Shida ni anayeifundisha, kama waalimu wenyewe hawakubaliani kompyuta itaiga ya nani? Saa za mkononi nazo zina mwanga wa kijani unasoma damu inavyoongezeka na kupungua kwenye ngozi, zinajua kasi na mpangilio, mapigo ya juu na ya chini kama anavyobonyeza yule mzee haziwezi. Kwenye mpangilio ziko vizuri lakini, utafiti wa Stanford kwa saa za Apple ulikuwa na watu zaidi ya 419,000, kama asilimia 0.5 walipata tahadhari kwamba mapigo yao hayaeleweki, na kati ya waliovalishwa kipimo cha umeme wa moyo baadaye, asilimia 34 walikutwa nayo kweli.

Msafiri wa Nanjing:
Na hayo yanayoruka vitabu vya zamani vinayo, yenye kasi yanayokatika ni cu, ya polepole yanayokatika ni jie, yanayokatika kwa mpangilio ni dai. Angalau hapo vidole na saa vinaongea lugha moja.

Dkt_wa_zamu:
Hapo nakubali. Mchuuzi, ukiwa huko huko kapime vimeng'enya vya ini, homa ya ini B na C, na ultrasound. Kwa tumbo omba kipimo cha kupuliza cha H. pylori, yaani bakteria wa tumboni. Na majani usichemshe mpaka ujue ni majani gani, mengine yenyewe ndio yanaumiza ini. Piga picha karatasi ya dawa uiweke hapa, Msafiri akusomee.

Mchuuzi_GZ:
Karatasi ninayo, kesho asubuhi naituma. Majani nimeyaweka pembeni.