Gari la umeme au haibridi Nairobi: tupeane uzoefu, unachaji wapi?

Mpangaji_SouthB

Wadau, hamjambo. Naendesha Nissan Leaf, gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 24, ya mkono wa pili kutoka Japani. Kwa mizunguko ya mjini, South B hadi Upper Hill, kisha Nairobi West kuchukua watoto, inanitosha kabisa. Mtihani uko nyumbani. Ninaishi ghorofa ya tatu, mita yangu iko ukutani kwenye ngazi, na gari linalala chini kando ya geti.

Ilibidi tukae kitako na landilodi. Aliogopa mambo mawili: kwamba nitatumia stima ya taa za ngazi na pampu ya maji, ambayo tunalipia wote, na kwamba nyumba itashika moto. Hofu zote mbili ni za haki. Tukakubaliana fundi avute laini ya gari peke yake, tuweke submita (mita ndogo ya gari tu), na mwisho wa mwezi nilipe kama inavyosoma. Majirani wakitaka kuisoma wanaisoma, iko wazi. Manung'uniko yameisha.

Kuhusu pesa: kilomita 100 za mjini zinanilia kama uniti 15 au 16. Nikihesabu uniti moja kwa shilingi 30 pamoja na tozo, sifiki shilingi 500. Gari langu la zamani la petroli lingekunywa lita 9 kwa mwendo huo huo katika foleni zetu, na mwishoni mwa 2025 lita tuliinunua shilingi 180 na ushei.

Naomba wenye magari ya umeme, haibridi (petroli na umeme pamoja), hata pikipiki, mtueleze mnachaji wapi na nani anashikilia ufunguo wa hiyo soketi.

Mama_Zawadi

Mimi niko Ruiru, nyumba yetu wenyewe, kwa hivyo landilodi sina. Nachomeka nikiingia jioni, asubuhi iko tayari. Ila wenzangu wa tokeni muwe macho: bei ya uniti inafuata wastani wa matumizi yako. Sisi tulikuwa chini ya uniti 100 kwa mwezi, gari likatupandisha daraja la juu, na sasa hata pasi na friji tunalipia bei hiyo mpya. Bado tunaokoa, lakini usifanye hesabu ya gari peke yake ukasahau nyumba nzima.

Wengi wananiuliza habari ya stima kupotea. Usiku ule wa Agosti 2023 nchi nzima ilipozima, gari langu lilikuwa na nusu ya chaji. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikaenda soko na kurudi bila wasiwasi. Sipendi kuliacha lishuke chini ya nusu usiku, nalo limenitunza vizuri.

Dereva_Umoja

Mimi ni wa haibridi, Toyota Aqua, teksi ya programu. Haichomekwi popote, inajichaji yenyewe ukikanyaga breki na injini ikiwaka. Niliinunua kwa sababu moja tu: foleni. Kuanzia Globe hadi Museum Hill saa kumi na moja jioni, injini imezima, gari linajongea kwa betri, na AC abiria anaipata. Hapo ndipo mwenye gari la kawaida anaunguza pesa. Lakini nikipata mteja wa Nakuru, faida inapungua, maana barabara kuu injini inafanya kazi karibu njia nzima. Kwa hiyo mtu anayeishi Ngong Road na kufanya kazi mjini namshauri haibridi kwa moyo wote. Yule wa kusafiri mikoani kila wiki apige hesabu upya.

Sasa jambo ambalo yadi za kuuza magari hawatakwambia. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu. Hapo feni inavuta hewa ya kupoza betri kubwa. Abiria akiegemeza begi pale, au vumbi la mitaa yetu ya Eastlands likiziba wavu, betri inapata joto na inazeeka kabla ya wakati. Mimi kila nikimwaga oili nafungua na kusafisha. Wateja nawaomba kwa heshima wasiweke mzigo upande ule.

Betri yenyewe ina vipande 20 ndani (Prius za kizazi cha pili na cha tatu zina 28). Kimoja kikichoka kinawachosha wenzake. Rafiki yangu alibadilishiwa kimoja gereji, taa ya onyo ikazima, baada ya muda ikarudi, kwa sababu kipya na vikuukuu havilingani nguvu. Aliyemtengenezea vizuri hatimaye alikuwa fundi aliyevipima vyote kimoja kimoja na kuvipanga vinavyofanana. Ukipata fundi mwenye subira ya namna hiyo, mshike.

Fundi_Waya

Ndugu Mpangaji, umefanya jambo la maana kuvuta laini ya peke yake. Naomba wengine wasichukulie hili kirahisi. Soketi ya kawaida ya 13A haikuundwa kubeba mzigo mkubwa usiku kucha. Chaji kwa ampea 10, na baada ya saa moja gusa plagi: ikiwa moto, chomoa. Ekstensheni zile nyembamba za kuwekea simu na redio, hapana kabisa.

Mwenye uwezo aweke chaja ya ukutani ya ampea 32, waya wa milimita 6, brekka yake, na eathi (waya wa usalama unaoingia ardhini) iliyopimwa kwa kifaa. Nyumba nyingi ninazoingia eathi iko kwa jina tu. Jambo lingine ni waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani. Soma maandishi yake. Ukiona volti 200, jua yetu ni 240, usibadilishe plagi tu na kuchomeka.

Boda_Kawangware

Mimi pikipiki ya umeme. Sichaji nyumbani, nabadilisha betri kituoni, natoa iliyoisha naweka iliyojaa, narudi kazini. Chumba changu hakina nafasi ya kulaza betri, na sitaki watoto walale nayo.

Mzee_Kinoo

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi nina Leaf ya kilowati-saa 40 na napenda kwenda Naivasha kwa barabara ya chini. Ukianza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, inua mguu: mota inageuka jenereta na asilimia inapanda mbele ya macho yako. Breki hazipati moto, tofauti na malori yale yanayonuka njia nzima. Kurudi ndiko kwenye kazi, mlima unakula chaji. Kwa hiyo siondoki Naivasha bila kuchaji. Nampigia meneja wa hoteli mapema, nakula hapo, nalipia stima. Hajawahi kunikatalia. Na najivunia kwamba Olkaria, mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini, iko pale pale jirani. Sehemu kubwa ya stima ya nchi hii ni ya mvuke wa ardhini, maji na upepo wa Turkana, hatuiagizi kwa meli.

Dada_Kasarani

Asanteni. Nimeona Leaf yadi, bei nzuri. Nitajuaje betri ni nzima?

Mpangaji_SouthB

Dada, washa gari uangalie vijiti vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Gari jipya lina 12. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Usiridhike na vijiti peke yake, nenda na mtu mwenye kifaa cha OBD (kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari) na programu ya simu ya LeafSpy, asome afya ya betri kwa asilimia. Angalia pia matundu ya chaji: la haraka ni CHAdeMO, wakati magari mengi ya Kichina yanatumia GB/T na ya Ulaya CCS2, kwa hiyo kituo kilicho karibu nawe huenda hakina plagi yako.

Na je, Kasarani unapanga au ni kwako? Kama unapanga, zungumza na landilodi kabla ya kulipa yadi. Jioni nitaweka hapa makubaliano yetu ya submita, nikiwa nimefuta majina, uone tulivyoyaandika.