MJADALA: Walimu wagome kwa ajili ya mgao wa wanafunzi, au mishahara tu ndiyo inayowahusu?

Mwanzisha hoja: Julai 2025 Wakenya tuliona mawili. Vyama vya walimu vilitia sahihi mkataba mpya wa mishahara na TSC, tume inayowaajiri walimu. Mwezi huo huo Waziri wa Fedha John Mbadi akawaambia wabunge kwamba serikali haimudu kulipa mgao, yaani zile Sh22,244 inazopaswa kuipa shule kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, zote. Kwa mishahara, KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, waligoma Agosti 2024. Kwa mgao, sijaona chaki ikiwekwa chini. Kwa nini?

Mzazi wa wawili: Mgomo tena? Ule wa 2024 wangu walikaa nyumbani wiki nzima muhula wa tatu ukianza, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ukibisha hodi. Watoto wa wakubwa wako shule za kibinafsi, hawajui hata kama mmegoma.

Mwalimu wa kemia: Mama, wanaumia hata tukiwa darasani. Kidato cha Nne wangu wako tisa kwa bureti moja. Wawili wanapima, saba wananakili majibu. Shule ya wanafunzi 400 ikipunjwa Sh5,000 kwa kila mmoja, hizo ni milioni mbili. Mwalimu mkuu hukata wapi? Huanza na walimu wa BOM, wale wanaolipwa na bodi ya shule. Wetu wa fizikia aliondoka katikati ya muhula, na vipindi vyake nimerithi mimi.

Mhasibu: Pesa zipo, zimetawanywa. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, ya kaunti, ya mwakilishi wa wanawake. Kila moja na fomu yake, na kila fomu na foleni yake kwa chifu. Ziunganishwe zote ziingie mgao. Ila nitajieni mbunge atakayeachia hundi anayopigiwa picha nayo. Mkiandamana, elekeeni Bunge, si Hazina.

Mwanzisha hoja: Hapo umenena. Basari humfikia mwenye kumjua mtu. Mgao humfikia kila aliyesajiliwa.

Mhasibu: Na wasiokuwepo pia! Wizara ilipoagiza idadi zihakikiwe mwaka huo huo wa 2025, ni wakuu wangapi wa shule walioshangilia? Wanafunzi hewa kwanza, nyongeza baadaye.

Mwalimu wa kemia: Wahusika washtakiwe, sina shida. Lakini usizuie pesa za mtoto ninayemwona kwa sababu ya yule asiyekuwepo.

Mwanzisha hoja: Basi dai liwe hili: asilimia 50 ya mgao wa mwaka, ile ya muhula wa kwanza, iwe kwenye akaunti ya shule kabla ya shule kufunguliwa, na orodha ya wanafunzi ibandikwe ukutani, kila mzazi aisome. Mzazi wa wawili, kwa hilo utatoka nasi?

Mzazi wa wawili: Likizo ya Agosti, nitakuja na filimbi yangu. Muhula ukiendelea, msinihesabu.