Mjadala: Tuendelee kuwanyoosha misuli watoto wenye mtindio wa ubongo hata wakilia?

Mzazi Mwuliza: Mwanangu ana miaka 6, na miguu yake yote miwili imekakamaa. Tangu akiwa na mwaka mmoja nimemnyoosha asubuhi na jioni kama nilivyoelekezwa, naye huanza kulia nikishika tu kisigino. Sasa nimesoma kwamba mapitio ya tafiti ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba), yaliyohuishwa mwaka 2017, hayakuona kunyoosha kukiongeza mwendo wa kiungo kwa kiasi cha maana. Je, tuache?

Baba wa Watatu: Mapitio hayo yalihusu kunyoosha kwa muda usiofika miezi 7, tena yalichanganya humo hata watu waliopata kiharusi. Mkiacha, nyonga zitateguka. Tatizo hapa si mazoezi, ni wazazi wavivu.

Mama Asiyelala: Wavivu? Nimemnyoosha binti yangu miaka 4 bila kukosa siku, na goti lake bado limejikunja. Kumbe goti likinyooka sifa ni za zoezi, likikataa lawama ni za mama!

Mtaalamu wa Viungo: Naomba tutenganishe mambo mawili. Kuna mkazo unaotoka kwenye ubongo, ambao huongezeka kadiri unavyovuta kwa kasi, na kuna msuli uliofupika wenyewe kwa sababu haukurefuka sambamba na mfupa. Kunja wayo juu haraka, kisha urudie polepole sana: ukikwama njiani mara ya kwanza na kupita mara ya pili, huo ni mkazo, ukisimama palepale mara zote mbili, msuli umefupika, na dakika chache za mkono haziurefushi. Hapo ndipo plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, ya kuushika mguu ukiwa umenyooshwa kwa wiki kadhaa hufikiriwa. Sindano ya botulinamu hulegeza mkazo kwa takriban miezi 3, lakini haiurefushi msuli uliokwisha kufupika. Nayo nyonga hufuatiliwa kwa eksirei, si kwa kuhesabu mara ulizomnyoosha mtoto.

Baba wa Watatu: Sikumtaja mtu kwa jina, anayejishuku ajishuku. Isitoshe, mtaalamu amesema dakika chache hazitoshi, maana yake ni kwamba wazazi wanafanya kidogo mno.

Mama Asiyelala: Hakusema hivyo hata kidogo. Hebu tuambie, kwako nani humnyoosha mtoto?

Baba wa Watatu: Mama yake. Mimi humsimamia.

Mama Asiyelala: Humsimamia mtoto, au mama?

Mpita Njia: Jibu hilo tunalisubiri sote. Hata hivyo, mbona hakuna aliyegusa kilio cha mtoto? Mtoto anayeumia hujikaza, na akijikaza mnavuta dhidi ya nguvu zake mwenyewe.

Mzazi Mwuliza: Nimejaribu kile kipimo baada ya kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu. Mguu wa kushoto ulikwama nilipovuta haraka, ukapita nilipovuta polepole. Wa kulia ulisimama palepale mara zote mbili, wala hakulia. Mtaalamu, plasta huweza kuwekwa mguu mmoja tu?