Stili ya pedali ya kuzunguka nayo kwenye shoo: nichukue Emmons ya zamani au GFI ya shingo moja?

Kato_wa_Nyuzi (Kampala)

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa.

Napiga stili ya mapajani, gitaa la kulaza linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, kwenye bendi ya watu sita. Ijumaa tuko baa, tunapiga kantri na zilipendwa kwa wazee ambao bila Jim Reeves hawalipi. Jumamosi ni harusi, kwanjula huku Buganda au kuhingira upande wa Ankole. Disemba tunafika Gulu na Fort Portal, na kuna mazungumzo ya kwenda Kigali na Nairobi. Usafiri wetu ni Hiace ya kukodi, vyombo nyuma, watu wamebanana mbele.

Sasa nataka kupanda kwenye stili ya pedali, ile ya kusimama kwa miguu yake, yenye pedali na leva za kubadilisha noti. Nimepata mbili, za kampuni za Emmons na GFI:

Ya kwanza ni Emmons D-10 ya miaka ya 70, ile ya mfumo wa kusukuma na kuvuta. Shingo mbili, pedali nane, leva nne za magoti. Mwenyewe ni mmisionari mzee wa Jinja anayerudi kwao. Anataka dola 2,800. Niliipiga kidogo, sauti yake bado iko masikioni. Lakini tuliipandisha kwenye mizani ya duka la nafaka, pamoja na sanduku lake, ikasoma kilo 33.

Ya pili ni GFI ya shingo moja, nyuzi 10, pedali tatu na leva nne, imetumika kidogo. Iko Marekani, dola 2,000, na binamu yangu anakuja mwezi ujao anaweza kuibeba. Muuzaji anasema ni kilo 18 ikiwa ndani ya sanduku. Hii sijaigusa, nimeona picha tu.

Sitafuti ya kuweka sebuleni. Nataka ya kazi, ambayo nikifika Mbarara saa kumi na moja jioni na shoo ni saa moja, inafunguliwa na inalia. Mngechukua ipi?

---

FundiKatwe

GFI. Nina kazi mezani, nikimaliza nitarudi nieleze.

---

Mzee_wa_Entebbe

Kijana, usikimbilie mizani. Buddy Emmons alitoka Sho-Bud, ambayo yeye na Shot Jackson ndio walioianzisha, akaenda kuanzisha kampuni yake 1963, na stili za mfumo ule mpaka leo watu wanazitafuta kwa tochi. Uzi ukiwa haujavutwa, kidole cha chuma kinachoushika kinakuwa kimelala kabisa kwenye kituo chake, hakichezi. Wapigaji wengi wanaamini ndiyo sababu noti inaimba muda mrefu vile. Na ikishasetiwa na anayejua, inakaa miaka.

Hiyo ya Jinja ukiiacha utajuta. Kilo 33 ni vijana wawili tu wa kubeba.

---

Mukongo_Nsambya

Mzee, hao vijana wawili nao wanataka chakula na posho kila safari 😀

Kaka Kato, mimi kabla ya gitaa nakuuliza amplifaya. Ile uliyonayo ni ya wapi? Wapiga stili wengi wanasifia Peavey Nashville 112, ina wati 80 na sauti safi, lakini za soko la Marekani ni za volti 120. Hapa kwetu ni 240. Ukiichomeka hivi hivi, shoo imeisha kabla ya wimbo wa kwanza. Itabidi utembee na transfoma ya kushusha umeme, na ile nayo ni mzigo. Tafuta amplifaya ya 240 hapa hapa. Hata ya kinanda inafaa sana, kwa sababu stili inataka sauti safi isiyopasuka, haihitaji amplifaya ya gitaa la roki.

Jambo lingine ni jenereta. Harusi ya kijijini umeme ni wa jenereta, na waya wa ardhi haupo au upo kwa jina tu. Pikapu (kile kinasa sauti cha nyuzi) ya koili moja hapo italia mmmm mpaka MC akuangalie vibaya. Uliza zote mbili zina pikapu gani. Kwa kazi zetu chukua ya koili mbili.

---

FundiKatwe

Nimerudi. Sipingi sauti ya Emmons, Mzee yuko sahihi hapo, na ni kweli ikikaa sawa inakaa. Tatizo ni siku itakapokataa kukaa sawa, na wewe uko Kitgum.

Kwenye mfumo wa zamani, uzi mmoja unasukumwa na kuvutwa na vyuma vinavyokutana sehemu moja. Ukigusa skrubu moja kurekebisha pedali, unaweza kuwa umeharibu leva. Kuna mpangilio wa kuifuata, na hapa Uganda sijakutana na mtu anayeufanya kwa uhakika. Kwenye mifumo ya sasa kila fito, ule mwamba mwembamba wa chuma unaotoka kwenye pedali au leva kwenda kwenye uzi, inavuta tu. Mwisho wake, pembeni mwa gitaa, kuna nati ndogo ya nailoni. Noti ya pedali A imeshuka kidogo? Unabonyeza, unazungusha nati kwa kisoketi, unaendelea na wimbo. Nimeona mtu akifanya hivyo katikati ya sala ya kufungua sherehe, hakuna aliyejua.

Halafu vumbi. Barabara za murram vumbi lake jekundu linaingia popote. Stili inapofungwa kwenye sanduku inalala kifudifudi, nyuzi chini, mitambo juu, kwa hiyo sanduku lisilofunga vizuri linamwaga vumbi lote juu ya fito na vidole vya chuma. Usipake grisi, wala mafuta mazito ya cherehani kila wiki. Grisi na vumbi vikichanganyika ni msasa. Osha vidole kwa mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya petroli, acha vikauke, kisha tone moja tu la mafuta mepesi kwenye ekseli. Sanduku lizungushie raba ya mlango wa gari, inapatikana soko la Kisekka.

Vipuri: fito ya kuunganisha pedali ikipinda au ikipotea, Katwe tunakutengenezea siku hiyo hiyo. Miguu vilevile. Ila njoo na sampuli, maana stili za Marekani zina nyuzi za skrubu za inchi, na mafundi wengi watakuwekea za milimita bila kuuliza. Ikiingia kwa nguvu jua imeshaharibu tundu. Kidole cha chenja chenyewe (mtambo unaobadilisha mvuto wa nyuzi) kikivunjika hapo hakuna fundi wa Katwe, unaagiza. Kwa hiyo nunua ya kampuni ambayo bado inatengeneza.

Jambo la mwisho, angalia ubao. Iliyovikwa fomaika inavumilia safari kuliko ya vanishi inayong'aa. Ya vanishi ni nzuri sana mpaka stendi ya maikrofoni iiangukie.

---

Dada_wa_Mbarara

Fundi kamaliza, mimi naongeza nyuzi, maana hapo ndipo watu wanaumbuka.

Kwenye tyuni ya E9, ile ya kantri, uzi wa tatu, ule wa G# ya juu, ndio unaokatika kuliko wote. Ni mwembamba, namba 11, na pedali B inauvuta kwenda A usiku kucha. Nyuzi za stili za seti hazipatikani madukani hapa, lakini za gitaa la umeme zipo kila mahali. Nunua seti inayoanza na 11: ile 11 ndiyo uzi wako wa tatu, na 14 yake ni uzi wa nne. Seti inayoanza na 10 inakupa 13 kwa uzi wa kwanza, 17 kwa wa tano, na 26 ya kusokotwa kwa wa saba. Za kuagiza kutoka nje zinabaki chache, kama 15 ya uzi wa pili na 20 ya uzi wa sita. Hiyo ya sita ni bora iwe laini, maana ya kusokotwa inataka mvuto mrefu zaidi kufika kwenye noti.

Badilisha uzi wa tatu kabla ya kila safari ndefu hata kama haujakatika. Ni pesa ndogo. Na beba pete za vidole za kupigia za ziada, zikianguka kwenye nyasi za hema la harusi huzioni tena.

---

Boda_Bluzi

Swali la mjinga: kwa nini asibaki na ya mapajani? Inaingia mgongoni, nampakia kwenye boda anafika 🙂

---

Kato_wa_Nyuzi

@Boda_Bluzi nimebaki nayo miaka, ndugu. Kuna yale machozi ya kantri, noti moja inapanda huku nyingine imetulia, ambayo chuma cha mkononi peke yake hakiwezi. Pedali A inapandisha B kwenda C#, pedali B inapandisha G# kwenda A, na mkono haujasogea popote. Ndicho ninachokitafuta.

Dada, asante sana kwa hiyo ya nyuzi. Nimeinakili.

Wasiwasi wangu mmoja: nikichukua ya shingo moja nakosa C6, ile tyuni ya shingo ya pili. Bendi inapiga rumba pia, na mapambio Jumapili. Sitakwama?

---

Mukongo_Nsambya

Hukwami. C6 ni tamu kwa swingi na jazi, zile kodi nene za noti nyingi kwa pamoja. Rumba ya kwetu inataka sauti ya juu inayozungumza na gitaa la solo, na hiyo E9 inayo. Wanaijeria walikuwa na stili ya pedali ndani ya muziki wa juju, Demola Adepoju na King Sunny Adé miaka ya 80, na hakuna aliyesikia kama ni kitu cha kantri. Sikiliza anavyoingia na kutoka kati ya ngoma. Hapigi sana.

---

Mzee_wa_Entebbe

Hapo nakubali. Shingo ya pili wengi wanaibeba miaka kumi wakiitumia kuwekea simu na glasi.

---

FundiKatwe

😂 Mzee kasema mwenyewe.

Kato, kabla binamu hajalipa mwambie muuzaji akutumie video tatu.

Moja, upande wa chini gitaa likiwa limegeuzwa, akibonyeza kila pedali na kila leva kwa mkono. Angalia kama kuna fito inayosuguana na jirani yake au springi iliyofungwa kwa waya.

Mbili, aweke kipima tyuni, apige uzi wa nne peke yake, kisha akanyage A na B pamoja wakati uzi bado unalia. Uzi wa nne hauguswi na pedali hizo, kwa hiyo sindano isingepaswa kusogea. Itashuka kidogo, karibu zote zinashuka kwa sababu ubao unajipinda. Ikishuka mpaka sikio linasikia, mwache na gitaa lake.

Tatu, miguu ikifungwa na kufunguliwa. Isitikisike.

Pia muulize pedali zimepangwa mtindo wa Emmons au wa Day.

Kuhusu ndege: mashirika mengi daraja la kawaida ni kilo 23 kwa mzigo mmoja, na ukivuka 32 wengi hawaupokei kabisa kama begi. Hiyo 18 inapita. Ile ya Jinja hata Nairobi kwa ndege huendi nayo. Binamu abebe risiti, Entebbe wataiuliza, na uweke akiba ya VAT ya asilimia 18 pamoja na ushuru. Namba ya gitaa iandikwe kwenye risiti, itakusaidia pia Katuna na Busia mkivuka na kurudi, usije ukaambiwa umelinunua ng'ambo.

---

Kato_wa_Nyuzi

Video zimefika. Fito safi, miguu imara. Uzi wa nne unashuka kidogo sana, sindano ilitikisika tu, sikio halikusikia kitu. Pikapu ni koili mbili.

Ila pedali ni mtindo wa Day. Masomo yote ninayofuata ni ya Emmons. Niache?

---

Dada_wa_Mbarara

Usiache. Day ni mpangilio ule ule uliogeuzwa, A iko upande wa kulia badala ya kushoto. Mguu wako bado haujazoea upande wowote, kwa hiyo ungeweza kujifunza hivyo hivyo. Kuna waliopiga Day maisha yao yote.

---

FundiKatwe

Au niletee. Kwenye mfumo wa kuvuta, nahamisha fito za A na C, nabadilisha na leva zinazogusa nyuzi za E zifuate, nakutiunia. Ni kazi ya nusu siku. Lakini uje wewe mwenyewe ukae pembeni uone, kwa sababu safari ijayo utaifanya peke yako Gulu.

---

Kato_wa_Nyuzi

Basi imekwisha, namwambia binamu alipe. Asanteni nyote, Fundi nitakuja na soda.

---

Mzee_wa_Entebbe

Hongera. Sasa huyo mmisionari wa Jinja, nitumie namba yake inboksi kabla hajapata mtu mwingine.